RDC: Kuwekewa implanti ni rahisi, kuitoa ni safari nyingine

Mama anafika kwenye kituo cha afya saa mbili ya asubuhi, mtoto mgongoni, kikadi mkononi. Hana homa wala malaria. Anaonyesha mkono wake wa kushoto, upande wa ndani, mahali ambapo vijiti viwili viliingizwa chini ya ngozi miaka iliyopita. Anaomba kitu kimoja tu: vitolewe.

Majibu anayoweza kupewa, wanawake wengi wa mashariki mwa Kongo wanayajua. Muuguzi aliyejifunza kazi hiyo hayupo leo. Vifaa havipo. Muda haujatimia bado. Au hili: rudi kwanza na bwana yako.

Kwa miaka zaidi ya kumi, serikali ya Kongo na washiriki wake wamehimiza njia za uzazi wa mpango zinazodumu muda mrefu. Mafanikio yanahesabiwa kwa idadi ya wanawake waliowekewa. Lakini kila implanti inayoingia katika mkono wa mwanamke lazima siku moja itoke, na upande huo wa hesabu haujatiliwa mkazo wa kutosha.

Bei ilishuka, idadi ikapanda

Implanti ni vijiti vidogo vyenye homoni. Jadelle ina vijiti viwili na inazuia mimba kwa miaka 5. Levoplant nayo ina viwili, kwa miaka 3. Implanon NXT ni kijiti kimoja, nayo mwanzoni iliandikiwa miaka 3. Ni kati ya njia zenye nguvu kuliko zote, na mama hahitaji kukumbuka kidonge kila siku wala kurudi kila miezi mitatu kuchomwa sindano.

Mwaka 2013, kwa mapatano kati ya watengenezaji na wafadhili wa kimataifa, bei ya Jadelle kwa nchi maskini ilishuka kutoka karibu dola 18 hadi dola 8.50. Implanon nayo ilipunguzwa bei karibu nusu. Kongo ilikuwa na kiu kubwa: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja anazaa kwa wastani watoto 6.6, na kwamba kati ya wanawake walioolewa karibu 8 tu kwa mia walikuwa wanatumia njia za kisasa.

Implanti zikaenea, kutoka mahospitali hadi vituo vidogo. Kinshasa, hata wanafunzi wa uuguzi walifundishwa kuweka Implanon NXT katika mitaa. Katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, mashirika ya kiutu yaliingiza njia hizo katika vituo vinavyopokea wakimbizi wa vita.

Shida iko katika kazi yenyewe. Implanti inafika na chombo chake cha kuingizia, lakini haifiki na chombo cha kutolea. Kuiweka ni kazi ya dakika chache. Kuitoa kunaomba dawa ya ganzi, kisu kidogo cha upasuaji, koleo nyembamba, vitambaa safi na mkono uliozoea. Mwenye ujuzi anapasua sehemu ndogo sana na kumaliza haraka. Asiye na ujuzi anaweza kutafuta kijiti kwa muda mrefu, kukikata vipande, au kumwachia mama kidonda. Kama kijiti kiliingizwa ndani mno, hata hakigusiki kwa vidole, lazima ekografia na muganga mzoefu, na kituo cha kijijini hakina hivyo viwili.

Kwa nini mama anaomba itolewe

Kuna anayetoa kwa sababu muda wa dawa umekwisha. Kuna anayetaka mtoto mwingine, au aliyefiwa na mtoto, au aliyeolewa upya. Wengine wengi wanasumbuliwa na mabadiliko ya hedhi: damu inayotoka siku nyingi, matone yasiyoisha, au damu kukatika kabisa. Kwa kawaida mabadiliko hayo si hatari, na mara nyingine dawa au maelezo mazuri yanatosha. Lakini mwanamke anayetoka damu majuma matatu, maji ya kufulia yakiwa ni ya kununua, bwana akinung'unika, hawezi kuambiwa avumilie miaka miwili tena.

Muuguzi naye ana hesabu yake. Anaogopa kwamba mama atarudi na mimba baada ya miezi michache. Anaona kijiti cha bei kinatupwa kabla ya wakati. Mara nyingine ripoti yake inahesabu waliowekewa, si waliotolewa. Kutoka hapo, shauri linageuka polepole kuwa katazo. Na njia ambayo mwanamke hawezi kuiacha anapotaka haiwezi tena kuitwa chaguo lake.

Katazo hilo linaumiza pia kazi ya muuguzi mwenyewe. Mama aliyerudishwa mara tatu hakai kimya. Jirani zake wanasikia sokoni, kisimani na kanisani kwamba ukiingiziwa haitoki. Hapo mafundisho ya mwaka mzima yanaanguka. Na kuna wanaokata tamaa na kujaribu wembe nyumbani, au kumwendea mtu asiye na mafunzo, kwa hatari ya kutoka damu nyingi, usaha na kuumiza mishipa ya mkono.

Sheria inasema nini

Sheria ya tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 2018 kuhusu afya ya umma inamruhusu kila mtu mwenye umri wa kuzaa kutumia njia ya uzazi wa mpango kwa hiari yake, baada ya kuelezwa vizuri. Kwa walioolewa kisheria, inaomba bwana na bibi wapatane juu ya njia. Lakini inaongeza: wasipopatana, mapenzi ya yule ambaye njia hiyo inamhusu ndiyo yanashinda. Anayesoma mstari wa kwanza tu atamrudisha mama nyumbani kumtafuta bwana. Anayesoma hadi mwisho atamsikiliza mama.

Itifaki ya Maputo, ambayo Kongo iliichapisha katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018, nayo inatambua haki ya mwanamke ya kuamua kuhusu uzazi wake na kuchagua njia.

Vita inakata njia ya kurudi

Katika Kivu, safari ya kutoa implanti inakutana na barabara ya vita. Mwanamke aliyewekewa Masisi anaweza kuwa amekimbilia Goma. Aliyewekewa kambini Bulengo au Lushagala alijikuta njiani tena mwezi wa pili mwaka 2025, kambi zilipofungwa baada ya M23 kuuteka mji wa Goma. Kikadi kimepotea pamoja na vyombo vingine, na tarehe imesahaulika. Shirika lililoweka limemaliza mradi. Tangu tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka huo, Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na uzazi wa mpango ni kati ya kazi zilizoguswa.

Mradi unaweza kufungwa kwa siku moja. Vijiti vinabaki mkononi.

Masharti manane

Wataalamu wa kimataifa walishakubaliana juu ya masharti manane ili kutoa implanti kuwe huduma ya kweli: mhudumu aliyefundishwa awepo, vifaa viwepo, mama atolewe anapotaka, aelezwe na kutulizwa, bei isimshinde, ajue lini na wapi pa kwenda, kuwe na hospitali inayopokea kesi ngumu, na hesabu ya waliotolewa iandikwe. Hakuna hata moja linaloomba mashine kubwa kwa kila kituo. Yanaomba kwamba anayepanga kuweka implanti elfu moja apange siku ile ile jinsi zitakavyotoka, pamoja na pesa za ganzi na visu.

Kwa wanawake, mambo machache ya kushika. Kabla ya kuwekewa, uliza: nani atanitolea, wapi, kwa bei gani? Tunza kikadi, au piga picha yake kwa simu. Implanti inaweza kutolewa wakati wowote, si lazima miaka itimie. Ikitolewa, mimba inaweza kuingia mapema, hivyo asiyetaka mtoto achague njia nyingine siku ile ile. Muda ukipita, kijiti hakigeuki sumu, ila ulinzi wake hauna hakika tena. Na usiguse wembe: kituo kikishindwa, omba barua ya kupelekwa hospitali kuu ya eneo lako la afya.

Mama wa saa mbili ya asubuhi alipowekewa vijiti, aliambiwa kwamba njia hii inaweza kuachwa wakati wowote. Alikubali kwa sababu ya neno hilo.