Fedha za Serikali Zikizidi au Zikipungua: Wajibu wa Mpokeaji na Wajibu wa Ofisi

Katika Soko la Burma, karibu na Barabara ya Jogoo mjini Nairobi, muuza nyama na mnunuzi huitazama mizani pamoja. Chenji huhesabiwa mbele ya wote wawili, na kosa likitokea husahihishwa papo hapo. Fedha zitokazo Serikalini hazina mizani ya namna hiyo. Huandikwa katika ofisi iliyo mbali, hupitia benki, na humfikia mwenyewe baada ya kupita mikono mingi. Kwa sababu hiyo kosa laweza kuingia njiani bila kuonekana, likagunduliwa baada ya miezi mingi, fedha zikiwa zimekwisha kutumika.

Watu wengi hudhani kwamba fedha zikizidi ni bahati, na zikipungua ni balaa lisilo na dawa. Mawazo hayo yote mawili si sahihi. Katika makala haya twataka kueleza makosa ya malipo hutoka wapi, mpokeaji apaswa kufanya nini, na ofisi nayo yapaswa kumtendea mpokeaji namna gani.

FEDHA TUNAZOZISEMA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itawasaidia wale wasioweza kujikimu wao wenyewe na wanaowategemea. Msaada huo hutolewa kwa njia ya mpango uitwao Inua Jamii. Ndani yake wamo watoto yatima na wengine walio katika shida, ambao mpango wao ulianza kwa majaribio mwaka 2004. Wamo watu wenye ulemavu mkubwa. Na wamo wazee. Mwaka 2018 malipo yalipanuliwa yakawafikia wazee waliotimiza umri wa miaka 70 wasiokuwa na pensheni. Kiasi chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ndugu zetu wa Zanzibar nao walianza kuwalipa wazee wao wa miaka 70 na zaidi mwezi wa Aprili mwaka 2016, na kiasi cha mwanzo kilikuwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi.

Kwa mtu mwenye duka kubwa shilingi 2,000 si kitu. Lakini kwa bibi anayelea wajukuu katika chumba kimoja cha Shauri Moyo au Kaloleni, fedha hizo ni unga, ni makaa, na ni dawa ya shinikizo la damu. Zikikatwa bila haki, mtu hulala na njaa. Na zikizidi kisha zikadaiwa zote kwa siku moja, njaa ni ile ile.

MAKOSA HUTOKA WAPI

Makosa ya malipo ni ya namna tatu, na yafaa yasichanganywe.

Namna ya kwanza ni kosa la ofisi au la benki. Karani akosea tarakimu moja ya kitambulisho, au jina la mtu laandikwa mara mbili kwa herufi zinazotofautiana kidogo, na mtu mmoja ahesabiwa kuwa wawili. Pengine mashine ya alama za vidole hukataa kumtambua mzee ambaye vidole vyake vimechakaa kwa kazi za miaka mingi, naye aonekana kana kwamba hakuja.

Namna ya pili ni kosa la mpokeaji asiyekusudia ubaya. Hali yake imebadilika wala hakutoa habari. Tuseme mzee aliandikishwa katika Inua Jamii, kisha pensheni yake ya kazi, iliyokuwa imecheleweshwa, ikaanza kulipwa. Au mtu amehama Nairobi kurudi kwao, na wale waliokuja kumhakiki hawakumkuta.

Namna ya tatu ni udanganyifu. Mtu ameficha ukweli akijua, au ametumia jina la mwingine. Mfano ulio wazi ni wa jamaa wanaoendelea kuchukua fedha za marehemu kwa kadi yake na namba yake ya siri. Hilo si kosa la kuteleza, ni jinai.

Tofauti hizi zina maana kubwa. Fedha zilizozidi zaweza kudaiwa katika kila moja ya namna hizi. Lakini mwenye kudanganya hushtakiwa, na asiyedanganya hana sababu ya kuogopa mahakama. Wengi huficha kosa dogo kwa hofu ya kuitwa wezi, na kule kuficha ndiko kunakolifanya kosa lionekane kuwa wizi.

SI JAMBO LA JUZI

Sehemu hii ya mji wa Nairobi yalijua jambo hili kwa muda mrefu. Jina la Burma lakumbusha askari wa Afrika ya Mashariki waliopigana na Wajapani katika nchi ya Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kariokor, iliyo upande wa pili wa Mto Nairobi, yachukua jina lake katika Jeshi la Wapagazi la vita vya 1914 hadi 1918. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi na kwa uchovu kabla ya kulipwa. Majina yao yalikuwa yameandikwa ovyo katika vitabu, hata warithi wao wengi hawakuweza kupatikana. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, alikuwa miongoni mwa waliotaka mishahara hiyo isiyochukuliwa itumiwe kwa manufaa ya Waafrika. Serikali ya Uingereza ilikataa. Hivyo jina lililoandikwa vibaya laweza kuinyima jamaa nzima haki yake kwa vizazi.

FEDHA ZIKIZIDI

Jambo la kwanza ni kuhesabu miezi. Si kila fedha nyingi ni kosa. Malipo ya Inua Jamii yamepata kucheleweshwa mara nyingi, kisha yakalipwa ya miezi kadhaa kwa pamoja. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, wapokeaji walipewa shilingi 8,000 kwa mkupuo, nazo zilikuwa za miezi minne. Kwa hiyo chukua kalamu. Ikiwa malipo ya mwisho yalikuwa ya mwezi wa Juni, na sasa umepata shilingi 8,000 mwishoni mwa Oktoba, basi hizo ni za Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Hazikuzidi hata senti. Lakini ikiwa ulilipwa za Septemba, kisha mwishoni mwa Oktoba ukaona 8,000, basi 6,000 hazina maelezo, nawe wapaswa kuuliza.

Jambo la pili ni kutozigusa zile zilizozidi. Ziache katika akaunti. Fedha zilizokuja kwa makosa hazigeuki kuwa mali yako kwa sababu tu zimeingia kwa jina lako. Watu wa sokoni wayajua haya kwa simu zao: tarakimu moja ikikosewa, fedha za mtu huenda kwa mtu mwingine, na kila mmoja ajua ni za nani.

Jambo la tatu ni kutoa habari upesi kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, au kwa benki, au kwa chifu atakayekuelekeza. Nenda na kitambulisho, na karatasi yoyote ya benki inayoonyesha tarehe na kiasi. Omba habari yako iandikwe, kisha uandike mwenyewe tarehe, na jina na cheo cha aliyekupokea. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi wako ikiwa baada ya mwaka mmoja mtu atasema ulinyamaza.

Jambo la nne ni kujihadhari na walaghai. Asikudanganye mtu kwa simu akisema, "Mimi ni wa ofisi ya wazee, fedha zimezidi, zirudishe kwa namba hii." Fedha za Serikali hazirudishwi kwa simu ya mtu binafsi. Zarudishwa kwa njia itakayoonyeshwa na ofisi yenyewe au benki, na stakabadhi hutolewa. Wala hakuna afisa wa kweli anayehitaji kuijua namba yako ya siri.

Tena mpokeaji akifariki, jamaa wapeleke habari mapema, pamoja na cheti cha kifo mara kitakapopatikana. Ikiwa kuna fedha zilizobaki, ulizeni ofisini kabla ya kuzichukua, hata kama mnadhani ni za miezi ambayo marehemu alikuwa hai. Msiba una gharama nyingi, twajua. Lakini fedha zinazochukuliwa kwa jina la marehemu huja kudaiwa kwa walio hai.

FEDHA ZIKIPUNGUA AU ZIKIKATWA

Hapa nako usikae kimya, wala usiondoke kwa kuambiwa tu kwamba "mashine imekataa." Uliza maswali matatu: jina langu limo katika orodha au limeondolewa? Ikiwa limeondolewa, kwa sababu gani na tangu lini? Na nifanye nini ili lirudishwe?

Kifungu cha 47 cha Katiba chasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathirika, au yaelekea kuathirika, kwa uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 champa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli juu yake, zenye kumdhuru, zisahihishwe au zifutwe. Mzee ambaye mwaka wake wa kuzaliwa umekosewa haombi hisani anapotaka usahihishwe. Adai haki yake. Na asiposikilizwa aweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, iliyoundwa mwaka 2011.

OFISI NAYO INA WAJIBU

Ofisi iliyolipa kupita kiasi yaweza kuzidai fedha za umma, na ni haki izidai, kwa maana ni kodi za watu wote. Lakini kudai nako kuna utaratibu. Sheria ya mwaka 2015 juu ya haki katika matendo ya utawala yataka mtu apewe taarifa ya jambo linalokusudiwa, apewe nafasi ya kujieleza, na aambiwe njia ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Hivyo ukiletewa deni, omba hesabu yake: ni ya miezi ipi, na kila mwezi ni kiasi gani. Ukiona ni kweli lakini huwezi kulipa mara moja, omba kwa maandishi ulipe kidogo kidogo, na ueleze hali ya nyumba yako. Tena Kifungu cha 226 cha Katiba chasema kwamba afisa anayeidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria atawajibika kuilipa hasara hiyo, hata akiwa ameacha kazi. Mzigo si wa mpokeaji peke yake.

Nchi tajiri zimejifunza jambo hili kwa uchungu. Huko Australia, tangu miaka ya 2015 na 2016, Serikali iliachia mashine kazi ya kutafuta waliolipwa kupita kiasi. Mashine ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, ikayagawa sawasawa kwa majuma, kana kwamba kila mtu hupata kiasi kile kile daima. Fikiri juu ya kijana wa mkokoteni hapa Burma, apataye kazi nyingi mwezi wa Desemba na karibu asipate kitu mwezi wa Aprili. Ukigawa mapato yake kwa usawa, utasema alikuwa na fedha katika mwezi ule aliokuwa na njaa. Ndivyo watu mamia ya maelfu walivyodaiwa madeni yasiyokuwapo. Mwaka 2019 Serikali ilikubali mahakamani kwamba njia hiyo haikuwa halali, na mwaka 2020 ikaahidi kurudisha zaidi ya dola milioni 700.

Huko Uholanzi maelfu ya wazazi waliopewa msaada wa gharama za kulelewa watoto waliitwa wadanganyifu, wengine kwa sababu ya saini iliyokosekana tu, wakadaiwa msaada wote tangu mwanzo. Nyumba nyingi zilifilisika. Tarehe 15 Januari 2021 Serikali nzima ya nchi hiyo ilijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo.

Katika nchi hizo mbili, kosa kubwa halikuwa kudai fedha zilizozidi. Lilikuwa kumhesabu mtu kuwa mkosaji kabla ya kumsikiliza, na kumwachia maskini kazi ya kuthibitisha kwamba hadaiwi.

DAFTARI LA SENTI CHACHE

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu, hasa wenye wazazi wazee, wanunue daftari dogo. Kila malipo yaandikwe: tarehe, kiasi, na ni ya miezi gani. Asiyejua kusoma aandikiwe na mjukuu aliye shuleni. Nakala ya kitambulisho na kila barua ya ofisi iwekwe humo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye daftari huenda ofisini akiwa na neno la kusema: zikizidi, aonyesha kwamba hakuficha, zikipungua, aonyesha anachodai, na akidaiwa, hesabu ya ofisi yalinganishwa na hesabu yake mezani, mbele ya wote wawili.