Uso Ulionyanyuliwa Hukaa Miaka Mingapi?

Tangu Ramadhani imalizike nimeulizwa swali hili na wanawake watatu, na wote wameliuliza kwa sauti ya chini: ukifanyiwa upasuaji wa kunyanyua uso, unakaa muda gani kabla haujarudi pale pale? Mmoja ni jirani, wa pili nilisoma naye, na wa tatu ni binti ami yangu, ambaye ameshapeleka dhahabu zake kwa sonara kupimwa ili apate nauli ya Istanbul na pesa za daktari. Suala la halali na haramu nawaachia masheikh. Mimi nataka kujibu lile lililoulizwa, kwa sababu matangazo yanayozunguka kwenye simu zetu hayalijibu.

Jibu fupi ambalo madaktari wengi wa fani hii hutoa ni miaka 7 hadi 10. Kwa upasuaji unaoingia tabaka za ndani, wengine hutaja hadi 15. Ule mdogo, wa mkato mfupi karibu na sikio, hutajiwa miaka michache tu, mitatu hadi mitano. Lakini namba hizi zikisemwa peke yake hupotosha, kwa sababu hazisemi ni nini hasa kinachoisha miaka hiyo ikifika.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Mwaka 1901 daktari Eugen Holländer wa Berlin alikata vipande vya ngozi karibu na masikio ya mwanamke mmoja, akavuta iliyobaki na kuishona. Kwa miaka mingi baadaye, kunyanyua uso kulikuwa ndiko huko: kuvuta ngozi. Tatizo ni kwamba ngozi hutanuka. Ukiibebesha mzigo, italegea tena upesi, na kovu nalo litavutika na kupanuka. Halafu mwaka 1976 madaktari wawili wa Ufaransa, Mitz na Peyronie, wakaeleza tabaka lililo chini ya ngozi na mafuta ya uso, tabaka gumu la nyuzinyuzi lililoshikana na misuli. Tangu hapo madaktari wazuri wanakaza tabaka hilo, na ngozi wanailaza juu yake bila kuivuta sana. Wengine, wakimfuata Sam Hamra wa Marekani aliyeeleza njia yake mwaka 1990, hupita chini ya tabaka hilo kabisa na kulinyanyua pamoja na ngozi yake.

Aliyelala kitanda cha kamba atanielewa. Kitanda kikibonyea katikati hubadilishi shuka, unakaza kamba. Anayekuvutia ngozi peke yake anakunyooshea shuka.

Na kamba hata zikikazwa vizuri, anayelala juu yake hajaondoka. Mwili unaendelea kuzeeka siku ile ile ulipotoka hospitali. Kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, inapungua kila mwaka, na kwa mwanamke hupungua kwa kasi zaidi miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Mafuta ya mashavu yananywea. Hata mifupa ya taya na ya kuzunguka macho inapungua. Upasuaji haugusi lolote kati ya hayo. Unarudisha saa nyuma, haiisimamishi.

Mwaka 2012 madaktari wawili wa Uingereza, Jones na Lo, walichapisha vipimo vya wagonjwa 50 waliofuatiliwa baada ya upasuaji. Ilipopita miaka mitano na nusu, asilimia 76 bado walionekana wadogo kuliko walivyokuwa kabla ya kupasuliwa. Mwanzoni nilisoma hapo nikasema, kumbe robo nzima wamepoteza pesa zao. Lakini tazama vizuri: wanalinganishwa na picha ya miaka mitano na nusu nyuma. Mtu anayefanana leo na alivyokuwa wakati ule hajapoteza kila kitu.

Hapo ndipo neno "kurudi pale pale" linapotudanganya. Chukua mwanamke wa miaka 55 ambaye akitoka kwa daktari anaonekana wa 47. Huu ni mfano wangu tu. Akifika 65 hataonekana wa 47, ataonekana mtu mzima, labda wa 57 au 60. Mashavu yatakuwa yameshuka na shingo, ambayo mara nyingi ndiyo hutangulia kulegea, itakuwa na mikunjo. Akijilinganisha na picha za wiki ya sita atasema imeisha. Akijilinganisha na uso ambao angekuwa nao bila upasuaji, bado yuko mbele. Shida ni kwamba uso huo wa pili hakuna anayeuona kwenye kioo.

Kuna kisa kimoja kinachonivutia. Mwaka 1995 madaktari wanne wa Marekani, Hamra akiwa mmoja wao, waliwapasua pacha wa kufanana, jozi mbili, kila daktari kwa njia yake anayoitetea, kisha wakawafuatilia kwa miaka 10. Wote walikuwa bado wana faida ya upasuaji wao, na tofauti kati ya njia moja na nyingine haikuwa kubwa kama kelele za wenye njia hizo. Kwa hivyo anayekupandishia bei kwa jina la njia mpya, muulize kwanza mkono wake umefanya ngapi.

Pia kuna yasiyofanywa na upasuaji huu hata siku ya kwanza. Hauondoi mistari ya paji la uso, wala madoa, wala mifuko ya chini ya macho, wala mikunjo midogo ya midomo. Botox ni kitu kingine, na hudumu miezi mitatu hadi minne hivi.

Yanayofupisha muda tunayajua, tunayapuuza tu. Jua letu hili, ingawa weusi wa ngozi unatukinga kiasi. Kunenepa na kukonda mara kwa mara. Sigara, na shisha pia, maana zinapunguza damu inayofika kwenye ngozi. Mvutaji anaweza kuona ngozi ya nyuma ya sikio ikifa badala ya kupona, ndiyo maana madaktari hudai uache wiki kadhaa kabla. Nami naongeza mkorogo. Krimu za kujichubua zenye steroidi hukonda ngozi, na ngozi iliyokonda hushonwa kwa taabu. Mwambie daktari ukweli wa ulichojipaka, hata kama mumeo hajui.

Mwenye presha aishushe kwanza, kwa sababu tatizo linalotokea zaidi ni damu kujikusanya chini ya ngozi, mara nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo, na mara nyingine inabidi urudishwe chumba cha upasuaji usiku huo huo. Mishipa ya fahamu inayosogeza uso inaweza kujeruhiwa, japo mara nyingi hupona yenyewe. Aliyewahi kupata kovu la kuvimba, hata la kutoboa masikio tu, aseme mapema. Sisi watu weusi tunalipata zaidi.

Nilimuuliza binti ami yangu ni nani atakayemtazama akisharudi Kisauni. Hakuwa na jibu. Uvimbe huchukua wiki kuisha, ganzi ya mashavu huchukua miezi, na kovu hubadilika kwa mwaka mzima. Bei aliyotajiwa ilihesabu siku saba za hoteli. Kabla ya kuuza hata bangili moja, atafute daktari wa upasuaji wa urembo hapa nchini atakayekubali kumfuatilia, na jina lake alihakikishe kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC. Huyo wa Istanbul amwombe picha za wagonjwa wake wa miaka mitano iliyopita, za mwanga ule ule, bila vipodozi na bila kucheka. Za mwezi wa pili asizihesabu, kwa maana mwezi wa pili kila uso unapendeza.