Shotigani ikilia "pu" badala ya "paa", usifyatue ya pili

Risasi iliyogoma kulia inatisha. Lakini inayolia kidogo ndiyo inayopasua mtutu.

Somo hili linarudiwa sana kwenye mchezo wa kulenga sahani zinazorushwa angani. Linamhusu pia mlinzi wa duka Musoma, mwenye kibali cha bunduki Butiama na askari anayefukuza tembo mashambani kule Bunda, jirani na Hifadhi ya Serengeti.

Somo limetoka wapi?

Mchezo wenyewe hautauona Uwanja wa Karume, Musoma. Ulianza kuchezwa Olimpiki mwaka 1900 jijini Paris. Mchezaji hutumia shotigani, yaani bunduki ya marisau, kuvunja sahani yenye upana wa sentimita 11 ikiwa bado hewani.

Olimpiki hutumia bunduki ya namba 12. Marekani kuna mashindano ya saizi ndogo pia: namba 20, namba 28 na .410.

Hapa wengi huchanganya. Namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba. Namba 12 ina tundu la milimita 18.5 hivi, namba 20 ina 15.6 na namba 28 ina 14. Ile ya .410 hupimwa kwa inchi, na tundu lake ni milimita 10.4 tu.

Risasi za saizi ndogo bei yake inauma. Ndiyo maana wachezaji wengi wa Marekani huokota maganda yaliyotumika na kuyajaza upya nyumbani. Wakikosea, bunduki huwaambia kwa mlio.

Tanzania hilo halipo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Kwa hiyo swali la msomaji wa Mara si namna ya kujaza ganda. Ni namna ya kutambua risasi mbovu kabla haijamdhuru.

Ndani ya ganda kuna nini?

Kuna vitu vinne. Chini kabisa ni fataki, inayogongwa na pini ya bunduki. Juu yake ni baruti, kisha kizibo cha plastiki, halafu gololi. Mdomo wa ganda hukunjwa kufunga kila kitu.

Fataki huwasha baruti, baruti inageuka gesi, gesi inasukuma kizibo na gololi hadi nje. Kitu kimoja kikilegea, mnyororo wote unalegea.

Saizi ndogo haisamehe kabisa. Risasi ya .410 ya mchezo hubeba gramu 14 hivi za gololi, wakati ya namba 12 hubeba mpaka gramu 32. Baruti yake nayo ni kidogo, hivyo upungufu mdogo unaonekana haraka.

Dalili ya kwanza: kimya

Umevuta, umesikia "tik", basi. Usifungue bunduki. Elekeza mtutu mahali salama na usubiri sekunde 30 hadi 60, kwa sababu kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Ukifungua mapema, inaweza kulipukia usoni.

Ukishaitoa, angalia fataki. Kama alama ya pini ni nzito na imeingia vizuri, ubovu uko kwenye risasi. Kama ni alama hafifu, shuku bunduki: pini imechakaa, springi imelegea au grisi imeganda ndani.

Dalili ya pili: "tik", kisha "paa"

Mlio umekuja, ila umechelewa kidogo. Mara nyingi ni unyevu au uzee wa risasi. Zilizobaki kwenye boksi hilo usizitumie tena.

Dalili ya tatu: "pu"

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mlio ni mdogo na bunduki haikupigi begani kama kawaida. Maana yake baruti haikuungua yote au ilikuwa pungufu, na kizibo kinaweza kuwa kimekwama katikati ya mtutu.

Mtu mwenye haraka huona bunduki imelia, anaweka nyingine. Risasi ya pili ikikuta mtutu umeziba, gesi inakosa njia. Chuma kinapasuka pale pale ulipoweka mkono wa mbele.

Kwa hiyo simama. Toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, kisha chungulia mtutu kutokea upande wa chemba. Usipoona mwanga upande wa pili, bunduki hiyo imemaliza kazi kwa siku hiyo. Peleka kwa fundi mwenye leseni. Usijaribu kuzibua kwa kufyatua nyingine.

Ganda la njano

Kuna ajali nyingine isiyohitaji risasi mbovu. Risasi ya namba 20 ikiingia kwenye bunduki ya namba 12, huteleza na kukwama mbele ya chemba. Chemba inaonekana tupu. Mtu anaweka ya namba 12 nyuma yake, anavuta, mtutu unapasuka.

Ndiyo maana viwanda vingi hupaka maganda ya namba 20 rangi ya njano. Usichanganye saizi mbili kwenye mfuko mmoja, hata kwa dakika moja.

Unyevu wa ziwa na joto la bati

Ganda la plastiki hustahimili maji kiasi, lakini mdomo uliokunjwa na fataki ni milango. Boksi likikaa miaka karibu na ziwa, au juu ya dari chini ya bati, risasi inachoka taratibu.

Kutu ya kijani kwenye shaba, mdomo uliofunguka au ganda lililovimba ni dalili za kuikataa. Kuanika juani hakurudishi nguvu yake, na kuiweka karibu na jiko ni kujitafutia ajali. Hata mafuta ya kusafishia bunduki yakizidi huweza kupenya na kuua fataki.

Jihadhari pia na risasi za bei chee zisizo na boksi. Ganda lenye nyufa mdomoni, au fataki mpya kwenye kitako kilichochakaa, huenda limejazwa mtaani. Maandishi ya ubavuni hayatakwambia ndani kuna baruti kiasi gani.

Mbovu zipelekwe wapi?

Usizitupe ziwani, chooni wala jalalani ambako watoto huokota. Usizichome. Toa taarifa kituo cha polisi cha karibu, ueleze idadi na uoneshe kibali chako, wakuelekeze namna ya kuzikabidhi. Mpya nunua kwa muuzaji mwenye leseni, saizi ile ile iliyoandikwa kwenye mtutu wa bunduki yako.