Masisi na Walikale: Setilaiti inaona moto, lakini nani atauzima?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita, vilima vya Masisi vinabadilika rangi. Majani ya malisho kati ya Sake, Mushaki na Karuba yanakauka, na haichukui siku nyingi moshi unaanza kupanda upande mmoja, kisha upande mwingine. Mchungaji amewasha moto ili majani mapya yaote kwa ajili ya ng'ombe. Mkulima amewasha ili kusafisha shamba kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Mwingine alikwenda kurina asali na akaacha kijinga chini ya mti. Moto mwingi wa namna hiyo unazimika wenyewe jioni. Ule usiozimika ndio unaoingia katika mikaratusi ya jirani, katika mahindi yaliyosubiri kuvunwa, au katika nyumba iliyoezekwa kwa majani.

Wakati huo huo, zaidi ya kilomita 800 juu ya vilima hivyo, setilaiti inapita na kupima joto la ardhi. Saa chache baadaye, alama nyekundu inatokea kwenye ramani. Mtu yeyote mwenye intaneti, awe Goma, Kinshasa au Brussels, anaweza kuitazama bila kulipa. Lakini mwenye shamba mwenyewe mara nyingi haioni. Na hata angeiona, angempigia nani simu?

Hilo ndilo swali la moto wa pori katika wilaya hizi mbili za Kivu ya Kaskazini. Mahali moto ulipo, dunia inajua. Watu na vifaa vya kuuzima viko wapi, hilo ni kama halina daftari.

Jicho linalopita mchana na usiku

Ramani inayotumiwa zaidi inaitwa FIRMS, na ni ya shirika la anga la Marekani, NASA. Inapokea habari kutoka setilaiti kadhaa. Za zamani ni Terra, iliyorushwa mwaka 1999, na Aqua, iliyorushwa mwaka 2002. Za karibuni zaidi ni Suomi NPP ya mwaka 2011, NOAA-20 ya mwaka 2017 na NOAA-21 ya mwaka 2022. Za zamani zinaigawa ardhi katika vipande vya kilomita moja kwa moja. Zile mpya zinatumia vipande vya mita 375, kwa hiyo zinaona moto mdogo zaidi.

Setilaiti haipigi picha ya ndimi za moto. Inapima joto, kisha inalinganisha kila kipande cha ardhi na vipande vilivyo jirani. Kipande kikizidi sana kwa joto, kinapewa alama. Kipande cha mita 375 kila upande ni sawa na hekta 14 hivi, lakini hiyo haina maana kwamba hekta 14 zimeungua. Pengine ni shamba moja dogo lililowaka sana katikati ya kipande hicho.

Kuna mambo mengine mawili ambayo msomaji wa ramani anapaswa kuyajua. La kwanza ni saa. Setilaiti hizo mpya zinapita juu ya sehemu zetu karibu na saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto uliowashwa saa tisa alasiri na kuzimika saa kumi na mbili jioni unaweza usiandikwe popote. La pili ni mawingu. Juu ya Walikale, ambako mvua hainyeshi kwa msimu mmoja tu, wingu zito linaficha moto kabisa. Ramani isiyo na alama siku hiyo si uthibitisho kwamba hakuna kilichowaka.

Pamoja na hayo, faida ni kubwa. Mwezi Agosti 2019, dunia nzima ilipokuwa ikililia msitu wa Amazon, hesabu za setilaiti zilizotolewa na kampuni ya Weather Source zilionyesha kwamba katika siku mbili Kongo ilikuwa na alama za moto 3,395 na Angola 6,902, wakati Brazil ilikuwa na 2,127. Habari hiyo ilishtua wengi, lakini ilihitaji kufafanuliwa. Sehemu kubwa ya moto ule wa Kongo ilikuwa kusini mwa nchi, katika nyika zinazochomwa kila kiangazi na wakulima na wawindaji. Msitu mkubwa wa bonde la Kongo haukuwa ukiteketea kama ilivyosemwa katika baadhi ya habari. Nyika ya kusini inaungua zaidi kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Ile ya kaskazini, upande wa Uele na Ubangi, inaungua kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Kivu iko katikati, na ina desturi zake.

Alama nyekundu haitaji jina la mtu

Katika Kivu ya Kaskazini, kosa kubwa ni kuiona alama na kudhani umekwisha kuijua sababu. Mlima Nyamulagira, ulio karibu na mpaka wa Masisi na Rutshuru ndani ya mbuga ya Virunga, unatoa lava mara kwa mara. Joto la lava hiyo linaonekana kwenye ramani kama moto wowote mwingine. Mtu asiyelijua eneo anaweza kufikiri kwamba watu wanachoma mbuga, kumbe ni mlima.

Tena kuna vita. Mwezi Oktoba 2023, nyumba za kijiji cha Nturo, Masisi, ziliteketezwa wakati wa mapigano. Huko Sudan, tangu vita ianze mwaka 2023, watafiti wanatumia joto hilo hilo linaloonwa na setilaiti kutambua vijiji vilivyochomwa ambako hakuna mwandishi wa habari anayefika. Lakini hata wao hawaishii kwenye alama. Wanatafuta picha za kabla na baada, wanatafuta video, wanaulizia mashahidi. Alama inaonyesha mahali na saa. Aliyewasha hajulikani kwa njia hiyo.

Kwetu hilo si jambo dogo. Moshi ukipanda nyuma ya kilima, watu wa Masisi hawaulizi kwanza nani analima. Wanauliza nani ameshambulia. Alama ikisambazwa katika vikundi vya WhatsApp bila maelezo, inaweza kukimbiza kijiji kizima, au kuwatupia jirani lawama ya jambo ambalo hawakulifanya.

Masisi si Walikale

Wilaya hizi mbili zinapakana, lakini moto wake haufanani. Masisi ina kilomita za mraba 4,734 na imejaa vilima virefu. Sehemu kubwa ya msitu wake wa zamani iligeuzwa malisho na mashamba miaka mingi iliyopita. Huko adui ni majani makavu, upepo na mteremko. Moto unaopanda kilima unakimbia kuliko ule wa uwanda, kwa sababu ndimi zinakausha majani ya juu kabla ya kuyafikia. Wataalamu wana kanuni yao: mteremko ukiongezeka kwa nyuzi kumi, mbio za moto zinakuwa karibu maradufu. Mtu anayesimama juu ya moto, akidhani ana muda, anaweza kukosa pa kukimbilia.

Walikale ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu wenye unyevu. Mkulima anakata miti, anaiacha ikauke, kisha anachoma na kupanda mihogo, mpunga au ndizi. Moto huo kwa kawaida unakufa ukifika kwenye msitu mzito, kwa sababu chini kuna maji na kivuli. Hatari inazidi pale msitu ulipokatwakatwa, kandokando ya barabara, karibu na machimbo na vijiji vipya. Jua likiingia hadi chini, majani yaliyoanguka yanakauka, na kizuizi ambacho msitu ulijitengenezea kinapotea. Humo ndimo zilimo sehemu za mbuga za Maiko na Kahuzi-Biega, pamoja na misitu ambayo jamii zenyewe zinaweza kupewa na serikali kisheria tangu amri ya mwezi Agosti 2014.

Masisi ina hasara nyingine inayouma mfukoni. Tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala ili Goma ipunguze kupika kwa kuni za Virunga. Mkaratusi unangojewa miaka kadhaa kabla ya kukatwa. Kwa familia nyingi, mti huo ni ada ya shule ya watoto na akiba ya siku ya ugonjwa. Majani yake yana mafuta, magamba yake yanakauka na kuning'inia, na moto ukiingia humo unaweza kumaliza kazi ya miaka mitano kwa mchana mmoja. Mvua za mwezi wa tisa zikikuta kilima kitupu, udongo nao unateremka mtoni.

Daftari lenye upande mmoja

Marekani ina kituo katika mji wa Boise, jimbo la Idaho, ambacho tangu mwaka 1965 kinaunganisha kazi ya kupambana na moto wa pori wa nchi nzima. Wakati wa moto mwingi, kila siku kinatoa ripoti. Upande mmoja kuna idadi ya moto na ukubwa wake. Upande wa pili kuna vikosi, magari na helikopta zilizotumwa. Hali ya utayari inapimwa kwa ngazi, kuanzia 1 hadi 5. Ikifika 5, karibu kila kikosi kiko kazini, na nchi inaweza kuomba msaada wa nje.

Kwa Masisi na Walikale, upande wa kwanza wa daftari hilo tunao, tena bure. Upande wa pili ndio mtupu. Gari la wazima moto wa mjini limetengenezwa kwa barabara na nyumba za mji. Hata likitoka Goma, barabara ya Sake hadi Masisi-centre ni ya matope na makorongo, na Walikale-centre iko karibu kilomita 125 kutoka Goma hata ukipima kwa njia ya ndege. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inataka misitu ilindwe dhidi ya moto, lakini sheria haibebi maji. Halafu tangu mwaka 2025 mstari wa mapigano umepita katika wilaya zote mbili. Walikale-centre yenyewe iliingia mikononi mwa M23 mwezi Machi mwaka huo, kabla ya kundi hilo kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Mashamba yaliyoachwa na waliokimbia yanaota majani marefu, na majani hayo yakikauka ni kuni zinazosubiri.

Vifaa peke yake navyo havitoshi. Mwezi Oktoba 2020, moto ulipounguza karibu kilomita za mraba 95 za Mlima Kilimanjaro huko Tanzania, mamia ya watu walipanda kwa miguu kuukabili, wakiwemo wafanyakazi wa mbuga, watu wa vijiji na wanafunzi. Iliwachukua siku nyingi, katika nchi yenye amani na mbuga inayoingiza fedha za watalii.

Nani ana jembe, nani ana bidoni

Kwa hiyo kikosi cha kuzima moto cha Masisi na Walikale ni kile kilichopo tayari, yaani watu wa kijiji. Wanajua kupiga moto kwa matawi mabichi. Wanajua kukwangua majani kwa jembe na mupanga hadi udongo uonekane, ili moto ukose chakula. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango kabla ya siku yenyewe.

Mpango huo unaweza kuandikwa katika daftari la shule. Nani ana majembe na bidoni. Chemchemi ya karibu iko wapi. Nani ana pikipiki ya kupeleka habari kama simu haishiki. Ni sehemu gani watu wasikanyage, kwa sababu palikuwa mapigano na mabomu yasiyolipuka yanaweza kuwa yamebaki ndani ya majani. Kila kijiji kina chefu, sehemu nyingi zina nyumbakumi, na salongo inajulikana na wote. Salongo moja ya mwezi wa tano inatosha kusafisha ukanda wa mita kadhaa kuzunguka mikaratusi kabla majani hayajakauka.

Baraza la kijiji linaweza pia kukubaliana namna ya kuchoma kwa yule anayelazimika kuchoma. Jirani anaarifiwa siku moja mbele. Moto unawashwa asubuhi, umande ukiwa bado, au jioni upepo ukitulia, kamwe si saa nane mchana. Unaanzishwa juu ya kilima ili uteremke polepole. Na mwenye moto haondoki mpaka majivu yapoe.

Ramani ina nafasi yake hapo. FIRMS inatuma taarifa bure kwa barua pepe kwa yeyote aliyechagua eneo lake, kwa hiyo mtu mmoja mwenye mtandao Sake, Masisi-centre au Mubi anaweza kupokea alama za eneo lote na kuwapigia machefu simu. Redio za jamii zinaweza kutangaza asubuhi mahali palipoonekana joto, zikisema wazi kwamba ni joto tu na sababu bado haijajulikana. Taarifa ikichelewa saa tatu, haitaokoa shamba la kwanza. Inaweza kuokoa la tatu na la nne, ikiwa upande wa pili wa kilima kuna mtu aliyeteuliwa kupokea simu hiyo, na majirani wanaojua majembe yako kwa nani.