Asili ya Jina Walker: Si Mtembeaji

Majina ya watu aghalabu huhifadhi maana ambazo lugha yenyewe imekwisha kuzisahau. Walker, jina la ukoo la Kiingereza, ni mfano bora wa hali hiyo. Anayelisikia leo hudhani kuwa mwasisi wa ukoo huo alikuwa mtu wa kutembea sana. Dhana hiyo ni potofu.

Katika Kiingereza cha Kale, kitenzi wealcan kilimaanisha kuviringisha au kurusha huku na huko. Nomino wealcere, iliyotokana nacho, ilimtaja fundi wa vitambaa vya sufu. Kitambaa kilipotoka kwa mfumaji kilikuwa na mafuta ya kondoo, na nyuzi zake zilikuwa hazijashikamana. Fundi alikitia horini pamoja na maji, mkojo uliochacha au udongo wa kunyonya mafuta, kisha akakikanyaga kwa miguu hadi kikatakata na kuwa kizito. Kuanzia karne ya 12, vinu vya maji vyenye nyundo za mbao vilianza kuichukua kazi hiyo, ila jina la fundi halikutoweka.

Isitoshe, jina hilo lilitofautiana kilahaja. Kaskazini mwa Uingereza fundi huyo aliitwa Walker. Kusini-mashariki aliitwa Fuller, kutokana na neno la Kilatini fullo. Kusini-magharibi, hasa Devon na Somerset, aliitwa Tucker, kutokana na kitenzi tucian, yaani kutesa. Hivyo, majina matatu yasiyofanana hata kidogo yana chimbuko katika kazi moja.

Awali, jina lilimfuata mwenye kazi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka wa 1066, desturi ya kurithi majina ilienea hatua kwa hatua, na kufikia orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381 ilikuwa imekita mizizi katika sehemu nyingi. Mwana akarithi jina bila kurithi hori la babake. Wakati huo kitenzi walk kilikuwa kimekwisha kupata maana ya kutembea. Maana kongwe ikafifia katika usemi wa kila siku, ikasalia ndani ya jina tu.

Kwa hiyo, anayechunguza asili ya jina hana budi kuuliza neno lilimaanisha nini jina lilipozaliwa, wala si linamaanisha nini leo.