Muhuri, Chapa na Mseto: Istilahi za Sanaa ya Mihuri ya Mpira

Kwa karani wa ofisi, muhuri ni mamlaka: hati iliyogongwa muhuri hupokewa kuwa ni halali. Kwa msanii, muhuri huo huo waweza kuwa chombo cha kuchorea. Mfasiri wa maelezo ya maonyesho ya sanaa akiandika tu “karatasi yenye muhuri”, msomaji atadhani ni hati ya serikali, kumbe ni picha. Katika makala haya tunakusudia kufafanua istilahi zinazohusika na kutoa mapendekezo.

Tuchukue mfano wa Kurt Schwitters, msanii wa Kijerumani aliyezaliwa Hannover mwaka 1887. Baada ya Ujerumani kushindwa vitani mwaka 1918, alikusanya tikiti, vipande vya magazeti, nyuzi na vibao vilivyotupwa, akavibandika na kuvipigilia misumari katika picha zake. Kazi hizo aliziita Merz, kipande cha neno la Kijerumani lenye maana ya biashara. Mwaka 1919 alitengeneza pia michoro ya mihuri: aligonga mihuri ya mpira ya ofisini juu ya karatasi, maneno yakielekea huku na huku, kisha akaongeza mistari ya mkono na vipande vya kubandika. Muhuri uliozoea kuthibitisha hati sasa haukuthibitisha chochote. Yalibaki maumbo ya herufi na rangi ya wino. Mwaka 1937 Schwitters alikimbilia Norway, na mwaka huo huo Wanazi walizitundika kazi zake katika maonyesho ya München yaliyokusudiwa kuidhihaki sanaa mpya. Alifia Uingereza mwaka 1948.

Kutokana na mfano huu, yafaa tuzingatie mambo yafuatayo:

(a) Muhuri. Kiingereza hutumia neno moja kwa chombo cha kugongea, alama yake, na kile kinachobandikwa juu ya bahasha. Kiswahili kimekwisha kutenga stempu, ambayo hubandikwa, na muhuri, ambao hugongwa. Hata hivyo, muhuri bado hutaja chombo na alama pia. Tunapendekeza muhuri kiwe chombo, na kinachobaki juu ya karatasi kiitwe alama ya muhuri. Kwa njia hii mwalimu ataweza kusema muhuri wa mpira, muhuri wa mbao, hata muhuri wa kiazi kilichochongwa darasani.

(b) Chapa. Neno hili lina kazi nyingi: Mpigachapa wa Serikali, chapa ya ng’ombe, chapa ya bidhaa. Tusiliongezee mzigo wa alama ya muhuri.

(c) Kolaji. Hii ni picha ya kubandika. Palipo na karatasi zilizobandikwa tu, neno hili latosha.

(d) Vifaa mseto. Msanii akiunganisha wino, rangi, karatasi na mbao katika kazi moja, baadhi ya wafasiri huandika “sanaa mchanganyiko”. Lakini msomaji aweza kudhani ni ngoma, maigizo na uchongaji vilivyowekwa pamoja. Katika mseto, mchele na choroko hupikwa chungu kimoja, na bado jicho huzitambua choroko. Neno hili limekwisha kupanuka hadi serikali ya mseto na kilimo mseto. Kwa hiyo picha ya vifaa mseto haitakuwa ngeni kwa wasomaji.

Maelezo ya kazi yaweza basi kuandikwa hivi: “Mchoro wa mihuri, wino, kalamu na karatasi zilizobandikwa.” Hapo hapana atakayeidhania hati.

Tofauti iliyotajwa katika (a) haiwahusu wasanii peke yao. Taarifa ya ofisi isemayo “muhuri hauonekani” yaweza kumaanisha kwamba alama imefifia, au kwamba chombo chenyewe kimeibwa. Katika hali ya kwanza hati hugongwa upya. Katika ya pili hapana budi polisi waarifiwe.