Je, Wajua? Klachi Haifi Peke Yake

Je, wajua kwamba unapokanyaga klachi hubani kitu, bali unaachia? Wenye magari wengi, hata waliokaa nyuma ya usukani miaka 20, huamini kinyume chake. Mguu wako ukiwa mbali na pedeli, kuna springi pana ya chuma, yenye umbo la sahani iliyochanwachanwa kuelekea katikati, inayoisukuma presha, yaani sahani ya kubania, iibane pleti ya klachi kwenye flaiwili ya injini. Ukikanyaga, unaishinda nguvu ya springi hiyo. Presha inarudi nyuma, pleti inabaki huru, injini inazunguka bila kulivuta gari. Ukiachia, springi inabana tena. Maana yake klachi iko kazini muda wote ambao huigusi. Inapoumia ni pale katikati, mguu ukiwa nusu juu nusu chini, pleti inaposuguliwa bila kushikwa.

Pleti yenyewe ni kitu kidogo. Ya gari dogo la familia ina upana wa sentimita 20 hivi, kama sahani ya wali ya mtoto. Pande zake mbili zina lainingi iliyofungwa kwa ribiti, na juu ya vichwa vya ribiti hizo kuna unene wa milimita moja na ushei wa kulika. Hiyo ndiyo akiba yako yote. Dereva mtulivu huila taratibu kwa kilomita 100,000 na zaidi. Aliyekwama kwenye tope la masika, akakanyaga mafuta huku klachi akiishikilia nusu, anaweza kuimaliza alasiri moja.

Mimi somo hili nililipia mara mbili. Nilikuwa na pikapu ya dizeli, kuukuu lakini tegemeo la nyumba. Siku moja nikipanda mlima, injini ikapiga kelele na mwendo haukuongezeka. Fundi akashusha giaboksi, akaweka pleti, presha na beringi mpya, nikalipa. Wiki ya tano mambo yakarudi yale yale. Nikaenda dukani kulalamika kwamba nimeuziwa spea feki. Muuzaji akasema fundi kafunga vibaya. Fundi akasema mguu wangu ndio mbaya. Nikawa kama mpira, wananirushiana, na gari limelala. Aliyewahi kupita hapo anajua uchungu wake: si fedha tu, ni kule kukosa mtu wa kukwambia ukweli.

Aliyeniambia ukweli alikuwa fundi mzee wa Gerezani, Dar es Salaam. Hakuagiza spea. Alilala chini ya gari na tochi, akaingiza kidole kwenye tundu dogo lililo chini ya nyumba ya klachi, kikatoka cheusi kinang'aa. Akanisogezea puani.

"Nusa, mwanangu. Inanuka nini?"

"Oili tu, mzee."

"Yai bovu lipo?"

"Hakuna."

"Basi ni ya injini. Ya giaboksi ingenuka yai bovu. Sili ya nyuma ya krenki imekufa, inaitemea pleti yako oili. Ungefunga hata pleti kumi."

Je, ulilijua hilo? Oili nyingi za giaboksi na za difu huwekwa viambato vyenye salfa ili meno ya gia yasilane yanapobanwa kwa nguvu, na salfa ndiyo yenye ile harufu. Kwa harufu tu, yule mzee alitofautisha sili mbili, ya injini na ya giaboksi, kabla hajafungua boliti hata moja. Ile sili ni pete ya mpira tu, bei yake haikufika hata robo ya pleti. Lakini ili uifikie lazima giaboksi ishuke, na kushusha giaboksi ndiyo kazi kubwa. Kazi hiyo nilikuwa nimeilipia tayari wiki tano nyuma, sili ikiwa nyuma tu ya flaiwili iliyo mbele ya macho ya fundi wa kwanza, na hakuna aliyeitazama.

Tangu siku ile nimekuwa na imani moja kuhusu klachi: haifi peke yake. Kuna anayeiua, na ukibadilisha maiti bila kumtafuta muuaji, utarudi gereji. Anaweza kuwa sili. Anaweza kuwa flaiwili iliyoungua: ukiiona ina madoa ya buluu kama rangi ya mafuta ya taa juu ya maji, ujue chuma kimepata joto kali, na mara nyingi kina nyufa ndogo ndogo. Pleti mpya ikikaa juu yake, gari litatetemeka kila unapoondoka. Flaiwili ya namna hiyo inapelekwa kwa mkerezaji isawazishwe, au inabadilishwa. Muuaji anaweza pia kuwa fundi mwenye haraka. Akiiacha giaboksi ining'inie kwa uzito wake kwenye shafti wakati wa kuipandisha, anaipinda pleti mpya siku hiyo hiyo inapofungwa, na klachi haitaachia vizuri kamwe. Na pleti ina upande wa mbele na wa nyuma. Ikigeuzwa, kitovu chake kinagonga boliti za flaiwili.

Yule mzee alinionyesha dawa ya hilo la kupandisha giaboksi. Ilikuwa kipande cha mpini wa jembe, kimekerezwa hatua mbili, chembamba mbele na kinene nyuma, kimelainika kwa miaka ya kushikwa. Unakipitisha katikati ya pleti hadi ncha yake iingie kwenye beringi ndogo ya krenki, unakaza presha kidogo kidogo kwa mzunguko, boliti hii kisha inayoielekea, halafu unakichomoa. Pleti inabaki katikati kabisa, na shafti ya giaboksi inaingia bila kulazimishwa. Viwanda huuza kifaa cha plastiki cha kazi hiyo. Mpini wa mzee ulifanya kazi ile ile, na ninaupenda zaidi.

Je, wajua kwamba unaweza kuipima klachi mwenyewe kabla hujamkabidhi mtu ufunguo? Simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta hendibreki vizuri, kanyaga breki, washa gari, weka gia ya tatu au ya nne, kisha achia klachi. Injini ikizimika papo hapo, pleti inashika. Ikiendelea kuunguruma kama vile hakuna kilichotokea, inateleza. Mara moja inatosha, maana kipimo chenyewe kinaila.

Na kuna ugonjwa wa kinyume ambao huwaibia watu zaidi. Gia hazitaki kuingia, rivasi inakwaruza, pedeli imelegea au inazama yenyewe. Hapo utaambiwa klachi imeisha. Subiri. Klachi inayoteleza haikwaruzi gia. Inayokwaruza ni ile isiyoachia, na kwenye magari yanayotumia mfumo wa maji sababu mara nyingi iko nje kabisa ya giaboksi: mpira wa masta silinda ulioko nyuma ya pedeli, au wa silinda ya chini inayosukuma uma wa klachi. Maji hayo ni yale yale ya breki, na kwenye baadhi ya magari hutoka kwenye kikopo kimoja na breki. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, ambao unakula silinda kwa kutu. Tazama kikopo, kisha tazama miguuni pa dereva: kama zulia chini ya pedeli limelowa, umempata mgonjwa. Kwenye pikapu na mabasi madogo mengi ya zamani, silinda ya chini imefungwa nje kwa boliti mbili tu, na giaboksi haina sababu ya kuguswa. Kwenye baadhi ya magari mapya wameiweka ndani, imeizunguka shafti yenyewe, na hapo hakuna njia ila kushusha. Kwa hiyo uliza gari lako ni la aina ipi kabla ya kukubaliana bei.

Je, wajua kwamba klachi za mwanzo zilivikwa ngozi ya mnyama? Magari mengi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na klachi yenye umbo la pia, imevalishwa ngozi, inayoingia ndani ya flaiwili kama kizibo kwenye chupa. Ngozi ikikauka, gari liliruka kama punda aliyechapwa. Dereva aliipaka mafuta ilainike. Ikilowa mafuta kupita kiasi iliteleza, akainyunyizia udongo laini wa unga. Kulalamikia klachi, basi, ni jambo la umri mmoja na gari lenyewe. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na pedeli tatu lakini zisingekusaidia leo: ya kushoto ilichagua gia, ya kati ilikuwa ya kurudi nyuma, ya kulia ndiyo breki, na mafuta yalitiwa kwa mkono.

Jina Ferodo, linaloonekana kwenye maboksi ya lainingi hadi leo, lina kisa kinachonigusa. Mwaka 1897, huko Derbyshire nchini Uingereza, Herbert Frood aliona waendesha mikokoteni wakitumia viatu vikuukuu kusugua magurudumu yapunguze kasi mteremkoni. Akafikiri kuwa kinaweza kupatikana kitu bora kuliko soli ya kiatu. Baadaye akazipanga upya herufi za jina lake, akaongeza herufi E ya mkewe Elizabeth, likawa Ferodo.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu kuna jambo linaloniuma. Kwa miongo mingi lainingi za klachi na breki zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo inastahimili joto vizuri lakini vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kubaki humo miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20 au 30 baadaye. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005. Marekani ilitoa kanuni ya kuzuia aina iliyokuwa bado inatumika humo mwaka 2024 tu. Lainingi kuukuu na za bei ya chini zisizojulikana zilikotoka bado zinaweza kuwa nayo, na kwa macho huwezi kuitambua. Sasa fikiria kijana wa gereji, mwanagenzi wa miaka 17, anayeshika mpira wa kompresa na kuipuliza nyumba ya klachi isafike, wingu jeusi likimrudia usoni. Nimeliona hilo mara nyingi mno. Kitambaa kilicholowa maji kinasafisha vilevile. Ukiwa na gari lako gerejini, una haki ya kumwambia, "Mdogo wangu, usipulize, futa kwa maji." Mwambie.

Je, wajua kwamba klachi ya bodaboda inaishi ndani ya oili? Nilisema oili iliua pleti ya pikapu yangu, na ni kweli, kwa sababu ile ilitengenezwa iwe kavu. Ya pikipiki nyingi ni rundo la pleti ndogo ndogo zilizopangwa kama chapati, zinazooga oili ile ile ya injini. Ndiyo maana oili ni jambo kubwa kwa bodaboda. Baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano ili injini ile mafuta kidogo. Vikiingia kwenye pikipiki, vinapunguza pia msuguano wa klachi, nayo inaanza kuteleza. Kijana atauziwa pleti mpya, na tatizo liko kwenye chupa. Tafuta maandishi JASO MA kwenye kopo, yanayoonyesha kwamba oili imepimwa kwa klachi za namna hiyo. Oili ya kupima, inayomiminwa kutoka kwenye dumu lisilo na jina, haiwezi kukuhakikishia hilo.

Kuna pikipiki iliyomwondolea mpanda mzigo wa kushika klachi kabisa. Honda Super Cub ya mwaka 1958 ilipewa klachi inayojishika yenyewe injini inapoongeza mzunguko, ili mpeleka tambi wa Japani aweze kuendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba sinia. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Na gari la otomatiki, ambalo watu husema halina klachi, linazo kadhaa ndani ya giaboksi, zimelowa oili na zinabanwa kwa presha ya oili hiyo. Si jambo jipya: General Motors ilizindua giaboksi yake ya otomatiki, Hydra-Matic, mwaka 1939. Oili chafu au pungufu huziua klachi hizo kimyakimya, na matengenezo yake ni ghali kuliko ya gari la gia za mkono.

La mwisho nililishuhudia kati ya Chalinze na Morogoro. Hiace ilipasua mpira wa maji ya klachi, pedeli ikalala sakafuni. Abiria tukajua safari imekwisha. Dereva akazima injini, akaweka gia ya kwanza, akatuomba tukae, akapiga stata. Gari likaruka mara mbili kama chura, injini ikashika, tukaanza kwenda. Kisha akabadilisha gia kwa sikio: anaachia mafuta, anaitoa gia, anasubiri sauti ya injini ishuke hadi ilingane na mwendo, anaisukuma kwa vidole viwili inayofuata. Iliingia bila mkwaruzo. Wanasiasa wetu wakigeuka ghafla husemwa wamebadili gia angani. Yule bwana alikuwa anaibadili hivyo kweli, bila klachi, mbele yangu. Si jambo la kuigwa mjini, kwa kuwa kusimama kwake kulikuwa kuzima gari. Tulipokaribia gereji akatoa gia, akazima, akaliacha Hiace lijikokote taratibu hadi kwenye kivuli cha mwembe, na kabla halijaanza kurudi nyuma, konda alikuwa ameshashuka na jiwe mkononi.